Babu aliandika, baba hakusimulia: nianzie wapi?

"Baba yetu alifariki mwaka jana hapa Mwanza. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1 Januari 1940, barua yake ya kuajiriwa Reli na Bandari inasema 1938, na shangazi, mdogo wake, anasema mama yao alikuwa akisema kaka yake alizaliwa 'Hitler alipoanza kelele'. Alizaliwa Ukerewe, akaondoka akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi, na hakurudi tena kuishi kule. Tukimuuliza alikuwa anabadilisha mazungumzo. Nahofia alifukuzwa nyumbani. Babu alikuwa katekista wa kigango upande wa Kagunguli, na inasemekana aliandika hadithi na nyimbo kwa Kikerewe kwenye madaftari, padre mmoja akayachukua akaenda nayo Ulaya. Ndugu wengine wanasema sisi ni damu moja na mwandishi Kitereza, na kwamba hadithi za babu ziliingia kwenye kitabu chake. Nilienda wilayani kutafuta cheti cha kuzaliwa cha baba, nikaambiwa hakuna. Sasa kuna mtu ananiuzia kipimo cha vinasaba, anasema kitamaliza yote. Nianzie wapi, au nimeshachelewa?"

Dada, pole sana kwa msiba wa mzee. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, maana imebeba maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza ni baba alikuwa nani kabla hajawa baba yenu. La pili ni maandishi ya babu yako wapi. Yanahusiana, lakini njia zake ni tofauti, na ukizichanganya utazunguka miaka. Kabla ya yote niseme juu ya ile hofu yako, kwa sababu naona ndiyo inayokuamsha usiku.

Mtoto wa kisiwani kuondoka kwao akiwa na miaka kumi na miwili, kwenye miaka ya hamsini mwanzoni, halikuwa jambo la aibu. Shule za wakati wa Mwingereza zilikwenda kwa ngazi. Darasa la kwanza hadi la nne lilikuwa karibu na nyumbani, kisha kulikuwa na mtihani, na wachache waliofaulu waliendelea na shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Shule za kati zilikuwa chache na nyingi zilikuwa za bweni. Mtoto alifunga sanduku lake la bati, akavushwa ziwa, akarudi likizo. Na watoto wa makatekista ndio hasa waliotangulia, kwa kuwa baba zao walijua kusoma na mapadre waliwafahamu kwa majina. Aliyemaliza darasa la nane akijua hesabu na hati nzuri alitafutwa kwa kazi za ukarani. Reli na Bandari ndiyo iliyoendesha meli za ziwa hili, kwa hiyo kijana wa Ukerewe kuishia kwenye ofisi zake Mwanza ni safari ninayoikuta mara kwa mara katika karatasi za familia za huku. Siwezi kukuapia kwamba hapakuwa na ugomvi wowote. Ila kuondoka kwake peke yake si ushahidi wa ugomvi. Nikipima uzito wa mambo, naona zaidi mtoto aliyefaulu mtihani.

Sasa tarehe tatu. Hakuna aliyekudanganya. Karani aliyejua mwaka tu, au aliyekadiria, aliandika 1 Januari ili fomu isibaki wazi. Ukikutana na 1 Januari kwenye karatasi za wazee wetu, isome kama "siku haijulikani". Barua ya ajira ina nguvu kidogo zaidi kwa sababu iliandikwa yeye akiwa kijana na pengine alibeba cheti cha ubatizo mkononi. Halafu kuna maneno ya shangazi, ambayo mimi nayapenda kuliko karatasi zote mbili. Vita vilianza Septemba 1939, lakini kelele za Hitler zilifika Tanganyika kabla ya vita. Mwishoni mwa miaka ya thelathini Ujerumani ilikuwa ikidai irudishiwe makoloni yake, na watu wa huku, ambao walikuwa wanamkumbuka Mjerumani vizuri, waliongea habari hiyo kwa wasiwasi. Mama yao hakusema "vita ilipoanza". Alisema "kelele". Hilo linaelekea 1938 kuliko 1940.

Kuhusu cheti cha kuzaliwa, usihangaike kukitafuta wilayani. Hakikupotea, hakikuwahi kuandikwa. Wakati wa ukoloni usajili wa vizazi haukuwa wa lazima kwa Waafrika, na hata baada ya Uhuru ulisambazwa wilaya kwa wilaya. Kitabu kilichomwandika baba yako wiki aliyozaliwa, kama yupo aliyemwandika, ni kitabu cha ubatizo cha parokia. Hapa ndipo uanzie, na niruhusu nikae kidogo, maana watu wengi wakifika mbele ya kitabu hicho wanachukua tarehe moja na kuondoka, wakaacha mali nyingi imelala kwenye ukurasa.

Kagunguli ni misheni ya Mapadre Weupe, shirika la wamisionari Wakatoliki, ya miaka ya tisini ya karne ya kumi na tisa. Shirika lile lilikuwa na nidhamu kubwa ya kuandika. Katika kitabu cha ubatizo kila mtu ana namba, na maneno ya enzi hizo ni ya Kilatini lakini ni machache na yanajirudia: *natus* ni amezaliwa, *filius* ni mwana wa, *patrinus* ni msimamizi, na mwisho kuna sahihi ya padre. Mtoto wa katekista kwa kawaida alibatizwa ndani ya siku chache, kwa hiyo tarehe ya kuzaliwa iliyoko pale utaiamini. Usiishie hapo. Angalia pembeni. Sheria ya Kanisa inataka mtu akipata kipaimara au akifunga ndoa popote, parokia hiyo ipeleke taarifa kwenye parokia aliyobatizwa, nayo iandikwe pembeni ya jina lake. Kama baba alifunga ndoa kanisani Mwanza, ukurasa wa Kagunguli unapaswa kuwa na mstari mdogo wa wino wa rangi nyingine unaosema wapi na lini. Na kama alipata kipaimara akiwa shuleni, pembeni pale panaweza kukutajia parokia iliyokuwa jirani na shule ile. Ndivyo utakavyoijua shule yake bila ya yeye kuwahi kuitaja.

Kisha omba kuona ubatizo wa babu. Kama alibatizwa mtu mzima, tarehe hiyo inakufungulia dirisha lingine. Mapadre Weupe hawakubatiza watu wazima kwa haraka; waliwaweka kwenye mafundisho kwa miaka minne. Toa minne kwenye mwaka wa ubatizo, utapata takriban lini babu yako alianza kukaa na herufi. Kwa mtu unayetaka kumjua kama mwandishi, hiyo ni karibu sawa na kujua siku aliyoshika kalamu.

Kuna kitabu kingine ambacho watu hawakiulizi kwa sababu hawajui kipo. Mapadre walikiita *status animarum*, yaani hali ya roho. Ni daftari la kaya, nyumba kwa nyumba, kigango kwa kigango: baba, mama, watoto, nani ameoa, nani amehama. Uliza kwa jina hilo la Kilatini, na ukieleza kwamba ni kitabu cha familia watakuelewa.

Mambo ya kwenda nayo: barua ya utambulisho kutoka kwa paroko wako hapa Mwanza, majina ya ubatizo ya baba na ya babu pamoja na majina yao ya Kikerewe, na uvumilivu na tahajia. Padre Mfaransa, Mholanzi na Mkanada hawakusikia jina kwa sikio moja. L na R zinabadilishana, B laini ya Kikerewe mmoja ameiandika B mwingine W, na kwenye maandishi ya zamani kabisa utakuta hata kisiwa chenyewe kimeandikwa kwa Kifaransa, *Oukéréwé*. Soma jina kwa sauti, usilisome kwa macho. Jambo la utawala wa Kanisa pia: tangu 2010 Ukerewe iko Jimbo la Bunda, lakini kabla ya hapo ilikuwa chini ya Mwanza, na parokia zilitakiwa kupeleka nakala ya vitabu vyao jimboni kila mwaka. Kitabu cha Kagunguli kikikutwa kimeliwa na mchwa kwenye ukurasa wako, nakala unaiulizia Mwanza, kwenye jimbo kuu.

Nikuonye kitu kimoja, kwa upendo. Vitabu hivi vinasema kweli bila kulainisha. Unaweza kukuta mtoto mwingine wa babu usiyemjua, au mama tofauti na uliyeambiwa. Nenda na ndugu mmoja mnayeelewana, na mkubaliane mapema kwamba mtakachokikuta hakitatangazwa kwenye kundi la familia jioni ileile.

Twende kwa madaftari. Ndugu zako wanasema hadithi za babu ziliingia kwenye kitabu cha Kitereza. Naomba tuliangalie hili kwa haki kwa pande zote mbili. Aniceti Kitereza alizaliwa Ukerewe 1896, akasoma seminari ya Rubya kule Bukoba, na alikuwa wa ukoo wa watemi, Basilanga. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata mchapishaji. Hakukuwa na aliyekuwa tayari kuchapa kitabu kinene kwa lugha ya kisiwa kimoja, na baada ya Uhuru nguvu zote za uchapaji zilielekezwa kwenye Kiswahili. Mzee akakaa chini akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kilitoka 1980, miaka thelathini na mitano baada ya kukimaliza, na yeye akafariki 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Mtu aliyesubiri hivyo simwiti mwizi kwa maneno ya msibani.

Kitabu chake kimejaa desturi, mithali na ngano ambazo kila Mkerewe wa rika lake alizisikia jioni. Babu yako alikaa kwenye moto uleule. Hadithi moja kuonekana kwenye madaftari mawili ni jambo la kutarajiwa, kama vile mkungu mmoja wa ndizi kupikwa nyumba mbili. Na kuhusu damu, kipimo chake ni rahisi na hakiuzwi: muulize shangazi ukoo wenu ni upi na mwiko wenu ni nini. Kama si Basilanga, basi kwa upande wa baba hamko pamoja. Mnaweza kuwa wajukuu wa dada, au watani, au majirani, na hayo yote ni mahusiano ya kweli yenye majina yake. Ila uzao wake wa moja kwa moja haupo, kwa sababu yeye na mkewe walizika watoto wao wote wakiwa wadogo. Hilo jambo linaniumiza kila ninapolisema.

Nakwambia haya kwa sababu naona hatari. Ukimtafuta babu yako ndani ya kivuli cha Kitereza, utampoteza. Kisiwa kile kimetoa watu wengi wa maneno: wapiga enanga, ile ala ya nyuzi, ambao hawakuandika kabisa, makatekista waliotunga nyimbo za kanisa, na baadaye Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo 1944 na kuandika kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kati ya mzee wa 1896 aliyeandika Kikerewe na kijana wa 1944 aliyeandika Kiswahili kuna kizazi cha watu walioandika na hawakuchapishwa. Babu yako ni wa hapo. Ana haki ya jina lake mwenyewe.

Sasa, daftari la katekista lilikwenda wapi? Ushauri wangu mkubwa kwa familia zote ni kufuata kazi, si jina. Ukiandika jina la babu kwenye orodha ya maktaba yoyote hutalipata, kwa sababu maandishi ya watu kama yeye yalihifadhiwa kwa jina la aliyeyapokea. Padre aliyekusanya mithali na maneno kwa ajili ya kamusi yake aliweka madaftari ya wasaidizi wake pamoja na karatasi zake. Kwa hiyo swali la kweli ni: padre yupi? Na jibu umeshalishika tayari, kwa sababu kila ubatizo una sahihi. Ukiwa Kagunguli, andika majina yote ya mapadre waliotia sahihi kuanzia 1935 hadi 1955. Rudi kwa shangazi na orodha hiyo, na muulize pia majina ya utani, maana wazee wetu waliwaita mapadre kwa ndevu zao, kwa pikipiki zao, kwa walivyotembea. Ukipata jina moja linalolingana, umepata mlango.

Kila nyumba ya Mapadre Weupe iliandika shajara ya kila siku, nani amefika, nani ameondoka kwa mtumbwi, mvua imenyesha lini. Kumbukumbu za shirika ziko kwenye nyumba yao kuu Roma, na mapadre waliotoka Kanada au Uholanzi wengine waliacha karatasi zao kwenye majimbo ya shirika kule kwao. Usiwaandikie "natafuta madaftari ya babu yangu". Hawataweza kukusaidia hata wakitaka. Andika barua fupi, kwa Kiingereza au Kifaransa, yenye jina la padre, kituo, miaka, na swali moja: je, kati ya karatasi zake kuna maandishi ya Kikerewe ya mkono wa mtu mwingine? Ambatanisha picha ya hati ya babu kama unayo, hata sahihi yake kwenye cheti cha ndoa. Mtunza nyaraka mwenye mwandiko mkononi anaweza kulinganisha. Na kabla ya Roma, uliza Kagunguli kwenyewe kama kuna vitabu vya zamani vya nyimbo za Kikerewe vilivyoandikwa kwa mkono. Nyimbo zilihitajika kila Jumapili, kwa hiyo hazikusafiri.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina hazina ya Afrika Mashariki kwenye maktaba yake, pamoja na mkusanyiko wa Hans Cory, aliyekuwa mtafiti wa serikali ya kikoloni na aliyefanya kazi sana Kanda ya Ziwa. Huko pia kuna Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la serikali lililoanza 1923, ambalo lilichapa mashairi na barua za wasomaji kutoka kila wilaya. Katekista anayejua kuandika akiwa kisiwani hakukosa kulisikia. Mimi ningelipitia, lakini baada ya Kagunguli.

Kipimo cha vinasaba kwako sikioni kikisaidia. Kinachofanya ni kulinganisha sampuli yako na ya watu wengine waliokwisha kupima, na waliopima kutoka visiwa vyetu ni wachache mno. Utapata ramani yenye rangi za Afrika Mashariki, jambo unalolijua tayari. Hakitakutajia mwaka, wala shule, wala daftari. Halafu nchini kwetu sampuli za vinasaba vya binadamu zina sheria yake ya 2009, kwa hiyo yeyote anayetaka mate yako yapelekwe nje, kwanza uliza Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Fedha hiyo itakupeleka Nansio, mji wa Ukerewe, na kukurudisha zaidi ya mara moja.

Yapo mambo ambayo usiyamalize kwa barua. Kama tofauti ya 1938 na 1940 inakwamisha mirathi au mafao, nenda ana kwa ana kwa wakili au ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na nyaraka zote ulizonazo. Hati ya kiapo iliyoandikwa vibaya inazaa tatizo la pili. Baba yako akiwa mtumishi wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika 1977, huenda alitunza bahasha ya madai yake. Ifungue kwa utaratibu, mara nyingi ndani yake ndimo mlimo na cheti cha shule. Na karatasi yoyote iliyoganda, iliyolowa au inayomeguka ukiigusa, usiianike juani, usiibandike selotepu, usiipeleke ikapigwe lamineshini. Iweke kwenye bahasha ya kaki, juu ya ubao, mbali na ukuta, na umwone mtaalamu wa uhifadhi wa nyaraka kabla ya kuifungua.

Umeuliza kama umechelewa. Kwa vitabu hujachelewa, vimesubiri miaka themanini na vitasubiri hadi likizo yako. Kwa shangazi ndiyo, muda ni mfupi. Nenda wiki hii. Usimuulize "mwaka gani", muulize mambo: kaka yake alikuwa ameshaanza kazi ziwa lilipopanda na kumeza mashamba, mvua za Uhuru? Aliporudi likizo alivaa nini? Nani alimsindikiza mtumbwini? Mwache aongee Kikerewe hata kama wewe hukielewi vizuri, washa simu irekodi, utafsiriwe baadaye. Akichoka au akinyamaza, funga siku hiyo. Na muulize baada ya matanga ya babu nani alifagia nyumba. Kwetu huku karatasi nyingi ziliungulia siku hiyo, si kwa ubaya, watu walikuwa wanasafisha. Lakini aliyefagia ndiye pia aliyejua nini kiliwekwa kando.

Miaka michache iliyopita mama mmoja pale Nansio alinifungulia kanga akanionyesha kaunta buku la baba mkwe wake, naye katekista. Alikuwa ameniomba radhi mapema: "Ni hesabu tu." Kweli zilikuwa hesabu za zaka, mikungu ya ndizi, vikapu vya mihogo, majina na alama za penseli, kurasa arobaini. Nilikuwa karibu kulirudisha. Kisha nikaligeuza juu chini kuangalia jalada, likafunguka kwa nyuma, na upande ule yalianza maandishi mengine kwa wino wa bluu, beti kwa beti, yakija kukutana na hesabu katikati ya daftari. Karatasi ilikuwa ghali. Watu waliandika kutoka pande zote mbili. Basi shangazi akikuambia kilichobaki ni daftari la zaka tu, lipokee kwa mikono miwili, na ulianzie nyuma.